VITABU VITATU VYA KUMFAA MTU WA KAZI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumeombwa tuseme machache juu ya vitabu viwezavyo kumfaa mtu wa kawaida. Twajua wako wanachama waulizao kwa nini fedha iliyochangwa kwa ajili ya wagonjwa na mazishi itumike kununua vitabu. Swali hilo ni la haki. Mwenzetu mmoja, ambaye ameturuhusu kulitaja jambo hili, alitia kidole gumba katika karatasi ya deni asiyoweza kuisoma, kwa kuwa aliona haya kuomba asomewe. Chama kilisaidia kulilipa deni lile, na fedha hiyo ingalitosha kununua sanduku zima la vitabu.

Kitabu cha kwanza ni maisha ya Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa huko Virginia, Marekani, akatoa habari zake mwaka 1901. Mwaka 1872 alisafiri maili 500 hivi, nyingine kwa miguu, kwenda shule ya Hampton. Alifika amechakaa, na mtihani aliopewa ulikuwa kufagia chumba. Alikifagia mara tatu, akapangusa vumbi mara nne, akapokewa. Wafagiao maofisi nasi tuandikao ndani yake sote twafundishwa hapo kwamba kazi ndogo ikitendwa vema ni cheti.

Cha pili ni Uhuru wa Watumwa, alichokiandika James Mbotela, kilichotolewa mwaka 1934. Chasimulia habari za watu waliotekwa bara, wakaokolewa, wakaanza maisha mapya Freretown, karibu na Mombasa. Walitoka makabila mbalimbali, wala hawakuwa na shamba la baba. Ujirani uliwawia ukoo, kama chama hiki kilivyo kwetu tulio mbali na kwetu.

Cha tatu ni Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya wafinyanzi, akauza vyungu mjini, wala hakusoma shule. Hata hivyo mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Twakitaja kwa ajili ya mama zetu, na kwa kila asemaye kwamba wakati wake umepita.

Twatoa onyo moja. Viko vitabu, kama kile cha Samuel Smiles wa Uingereza cha mwaka 1859, visifuvyo bidii ya mtu mmoja mmoja. Bidii ni njema, lakini msomaji asidhani kwamba kila maskini ni mvivu. Mwenye bidii naye huugua, naye hufiwa. Mkono mmoja haulei mwana. Ndiyo sababu tukachanga.

Basi twaomba mkutano huu ukubali fedha kidogo ya vitabu kila mwaka. Tumekwisha kuanza kusoma kwa sauti Jumamosi jioni, na asiyejua kusoma huketi mbele, karibu na taa, apate kuzifuata herufi. Yule mwenzetu wa karatasi ya deni hakosi. Mwezi uliopita, alipoleta mchango wake, aliusukuma kando wino wa kidole, akaomba kalamu, akaandika jina lake.