Macho ya Waliookoka
Hotuba ya makatekista iliyosomwa mbele ya waamini na walimu siku ya Yubile



 Waliotutangulia wamekwisha kuwasimulia habari za shule, za makanisa na za zahanati zilizojengwa katika miaka hii tunayoishangilia. Sisi makatekista tumepewa zamu ya mwisho, nasi twaomba kusema juu ya jambo moja ambalo siku za maafa husahauliwa upesi, nalo ni macho ya watu.

Twaanza na kosa letu wenyewe. Mwaka 2024, wakati wa masika, mito ilifurika katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, na bonde letu nalo halikusalimika. Watu wa kigango kimoja walihamishiwa katika madarasa ya shule. Kati yao alikuwamo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyewafundisha kusoma wengi wetu. Tulimpa blanketi, tukampa unga na maharagwe, na katika daftari letu tukaandika mbele ya jina lake: ameokoka salama. Hatukujua kwamba chupa yake ya dawa ya matone, aliyoitia machoni kila jioni kwa miaka mingi, imechukuliwa na maji pamoja na miwani yake. Wala yeye hakusema. Baadaye alitueleza ya kuwa aliona haya kuomba dawa ya macho mahali ambapo watoto wanalilia uji. Akakaa hivyo majuma saba. Barabara ilipofunguka akapelekwa hospitali, naye daktari akakuta nuru iliyosalia ni kama ya mtu achunguliaye katika tundu la ufunguo. Ile iliyopotea haitarudi.

Ugonjwa wake waitwa glakoma, na wengi huuita presha ya macho. Maji yaliyo ndani ya jicho huzidi nguvu, yakaubana mshipa upelekao habari za jicho kwenye ubongo, nao hufa kidogo kidogo pasipo maumivu. Dawa haiwezi kurudisha kilichokwisha kufa. Kazi yake ni kulinda kilichobaki. Ndiyo sababu mgonjwa wa namna hii akikosa dawa siku nyingi, hasara yake ni ya maisha.

Tangu siku ile tumekuwa tukiulizana: je, wenzetu duniani wamefanyaje walipopatwa? Nasi tumejifunza mambo ambayo twataka kuwashirikisha.

Mwezi wa Agosti 2005, tufani iliyoitwa Katrina iliipiga pwani ya kusini ya Marekani. Kuta zilizozuia maji katika mji wa New Orleans zilibomoka, na watu zaidi ya 1,300 wakafa. Madaktari wa macho wa Bascom Palmer, ambayo ni hospitali ya macho ya Chuo Kikuu cha Miami, walikwenda kuwasaidia waliokimbia. Waliona ya kwamba daktari pasipo vyombo vyake ni kama seremala pasipo msumeno, na vyombo vya macho havichukuliki mfukoni. Kutokana na mafundisho ya tufani ile wakatengenezewa gari kubwa, lenye chumba cha daktari ndani yake. Mna taa yenye darubini ya kutazamia tabaka za jicho, mna chombo cha kupimia nguvu ya maji ya jicho, na lenzi za kujaribia miwani. Gari lenyewe ndilo zahanati. Hufika, husimama, nao wagonjwa hupanda.

Tarehe 11 Machi 2011, alasiri, tetemeko kubwa mno la nchi lilitokea chini ya bahari karibu na Japani. Bahari ikainuka ikaingia nchi kavu, ikafagia miji ya pwani ya kaskazini-mashariki, na waliokufa walizidi 15,000. Katika pwani ile walikuwamo wazee wengi. Hospitali ziliharibika, maduka ya miwani yakaenda na maji, na karatasi za habari za wagonjwa zikapotea. Ndipo watu wa Miami walipoliazima gari lao kwa Wajapani. Lilipakiwa katika ndege ya mizigo, likavushwa ng'ambo ya bahari, na madaktari wa Vyuo Vikuu vya Keio na Tohoku wakaenda nalo kwa watu waliohifadhiwa.

Labda mtu atasema: watu waliofiwa, waliopotelewa na nyumba, miwani itawafaa nini? Fikirini, ndugu. Majina ya watu walioonekana yalibandikwa ukutani katika mahali pa hifadhi, na aliyemtafuta mwanawe ilimpasa kuyasoma. Kulikuwa na karatasi za kujaza ili kupata msaada, na maandiko madogo juu ya vifuko vya dawa. Usiku kulikuwa na giza, na vifusi vilivyojaa misumari. Mtu asiyeona vizuri alitegemea mkono wa mwingine kwa kila hatua, na huenda mkono ule aliouzoea ulikuwa umechukuliwa na bahari.

Hapa pana fundisho ambalo hatukulijua. Mzee mwenye mtoto wa jicho, akiwa nyumbani kwake, haonekani kuwa kipofu. Miguu yake yajua kizingiti, mkono wake wajua mtungi ulipo, naye huenda shambani kwa kufuata njia aliyoikanyaga miaka hamsini. Nyumba yake ndiyo nusu ya macho yake. Siku mafuriko yanapoibomoa nyumba ile, hata kama hakupata jeraha lo lote, amepofuka siku hiyo hiyo. Wahenga walisema, mgeni ni kipofu ingawa ana macho. Basi yule asiye na macho, akifanywa mgeni katika hema au darasani, atakuwaje? Hajui choo kilipo, hujizuia asinywe maji ili asitoke usiku, hukaa pembeni, na sisi twamsifu kwamba ni mtulivu.

Yako na madhara mengine yanayokuja na maafa yenyewe. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliporomoka kutoka mlima Hanang, mkoani Manyara, yakaufunika sehemu mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Tope la namna hiyo lina mchanga na vijiti ndani yake. Likiingia jichoni hukwaruza konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho. Mkwaruzo ukiingiwa na vijidudu huwa kidonda, na kidonda chaweza kuliua jicho katika siku chache. Watu wakisongamana pasipo maji ya kutosha, macho mekundu huambukizana kwa mikono na kwa mashuka, na mahali palipo na vikope, yaani trakoma, ugonjwa huo hupata nguvu kwa uchafu wa nyuso na kwa nzi. Ukame nao una mateka wake: mtoto aliyekosa chakula chenye vitamini A, akishikwa na surua, aweza kupofuka. Kwa hiyo hutolewa matone ya vitamini hiyo, vipimo 100,000 kwa mtoto wa miezi 6 hata 11, na 200,000 kwa aliyetimiza mwaka mmoja hata miaka mitano. Mama asikiaye kwamba matone hayo yanatolewa, asikae nyumbani.

Basi gari la macho ni jambo jema, nasi twalisifu. Lakini lina mipaka yake. Halipiti penye daraja lililovunjika. Mara nyingi mtoto wa jicho huonekana pale garini, bali upasuaji wake hufanywa hospitali. Tena, na hili ndilo kubwa, gari haliwezi kumjua asiyekuja. Mwenye macho huliona gari likifika, akawahi foleni. Asiyeona halioni. Huambiwa habari zake jioni, likiisha kuondoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na daktari mgeni hajui mvungu u wapi katika kijiji chetu. Sisi twajua.

Neno hili limethibitishwa na walimu wa Kenya. Katika kaunti ya Trans Nzoia palifanywa jaribio katika shule 50, na habari zake zikatolewa mwaka 2018. Walimu wenyewe ndio waliopima macho ya wanafunzi. Katika nusu ya shule hizo walitumia simu ya mkononi yenye programu iitwayo Peek. Wazazi walipelekewa picha iliyowaonyesha jinsi mtoto wao aonavyo ukungu, kisha wakakumbushwa kwa simu. Katika shule nyingine walitumia kadi ya herufi na barua, kama ilivyo desturi. Kati ya watoto waliokutwa na shida, wa shule za simu walifika hospitali 54 katika kila 100. Wa shule nyingine walifika 22 katika kila 100. Daktari alikuwapo kwa wote. Tofauti ilitoka kwa mwalimu aliyeweza kumwonyesha mzazi shida ya mwanawe, na kwa mtu aliyefuatilia.

Tena Wajapani wametufundisha jambo rahisi. Wagonjwa wengi wa kwao huwa na kijitabu kidogo ambamo dawa zao huandikwa. Mwaka 2011, aliyekimbia na kijitabu chake aliweza kupewa dawa ile ile na daktari asiyemjua, hata kama hospitali yake imekwenda na maji. Kijitabu hicho ni karatasi na wino tu.

Kwa hayo yote, sisi makatekista twaleta kwenu maombi matatu.

La kwanza, kila kigango kiwe na orodha ya watu wa macho: atumiaye dawa ya matone, na jina la dawa, avaaye miwani, na namba za lenzi zake, mwenye mtoto wa jicho, mwenye kisukari, kwa kuwa ugonjwa huo nao hula macho. Orodha iandikwe kwa idhini ya mgonjwa na isisomwe hadharani. Nakala mbili ziandikwe, moja ikae kigangoni, nyingine ikae mahali palipoinuka. Naye mgonjwa aandikiwe karatasi yake, aifunge katika mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha ubatizo na hati ya shamba.

La pili ni kwenu, walimu wetu, kwa maana siku za maafa watu hukimbilia shuleni, nanyi ndio wenyeji wao. Siku ya kwanza watu wakiisha kula, pitieni madarasa mkiulize kila mmoja: Je, umeacha dawa gani? Je, miwani yako iko wapi? Msingoje aseme mwenyewe. Wenye haya ni wengi. Asiyeona vizuri aongozwe kwa mkono mpaka chooni na kwenye maji, mara mbili au tatu, mpaka miguu yake izoee, tena apewe kijana mmoja wa kumwangalia. Aliyeingiwa na tope jichoni aoshwe kwa maji safi mengi, asilisugue, wala asitiwe majani, maziwa au mkojo, maana dawa hizo zimewapofusha wengi. Apelekwe kwa mganga wa zahanati siku iyo hiyo.

La tatu, wakija madaktari wa macho na gari lao, tangazo la kanisani halitoshi. Sharti waende watu nyumba kwa nyumba, hema kwa hema, wakiwa na ile orodha mkononi, wawalete walioandikwa. Na siku ile wahesabiwe waliokuja na wasiokuja, kisha warudiwe wasiokuja.

Ndugu, wazee wetu walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Ni neno la kumtia nguvu mtu aliyepofuka. Lakini tusilifanye kisingizio cha kuyaacha macho yafe pale ambapo chupa ndogo ya dawa ingeyalinda.

Mwalimu wetu yule yu hai, naye yupo hapa leo, amekaa kati yenu. Alituruhusu kusimulia habari zake, mradi tusimtaje jina. Tulipomsomea hotuba hii jana, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatusahihisha neno moja, kama alivyokuwa akifanya zamani darasani. Alisema, “Mliandika ‘ameokoka salama’ kabla hamjaniuliza. Safari nyingine ulizeni kwanza, ndipo mwandike.”

Juu ya meza iliyo karibu na mlango wa kanisa mtakuta daftari jipya. Jina la kila kigango limekwisha kuandikwa juu ya ukurasa wake, na chini yake ni patupu. Twawaomba walimu na wazee wapite hapo kabla ya kwenda kula, kila mmoja atwambie ni lini atazunguka nyumba za kwao kuuliza.