Kesi ya Madai: Nani Hulipa, na Muda Wako ni Upi?

(Maelezo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi, Changamwe)

 

Kila tunapoketi na wananchi, iwe Likoni, Kisauni ama hapa Changamwe, kuna neno halikosi kusemwa: "Mahakama ni ya wenye pesa." Leo tulitazame neno hilo vizuri. Lina ukweli ndani yake, lakini pia limewafanya wengi wakae kimya mpaka haki yao ikapotea.

Tuanze na jirani zetu wa Owino Uhuru, pale Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia sumu ya madini ya risasi. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo, alisimama na wakazi, na mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Mwaka 2016 wachache kati yao walienda Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa kwa niaba ya mtaa mzima. Tarehe 16 Julai 2020 walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaifuta. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairejesha. Hesabuni wenyewe: miaka minane na ushei.

Watu wasio na uwezo waliwezaje? Kwanza, walidai haki za kikatiba. Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema kufungua kesi ya namna hiyo hakutozwi ada, na mtu anaweza kusimama kwa niaba ya kundi. Pili, walikuwa na shirika la kutetea mazingira lililobeba mzigo pamoja nao. Mmoja mmoja wasingefika.

Lakini si kila kesi ni kama hiyo. Tuseme umemkopesha mtu shilingi 80,000 za biashara ya samaki, naye sasa hashiki simu. Hiyo ni kesi ya madai ya kawaida, na ina gharama zake: ada ya mahakama, wakili ukimtaka, na nauli za kwenda na kurudi. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni hili: kwa kawaida anayeshindwa huamriwa kulipa gharama za mwenzake pia. Kwa hivyo usiende kortini kwa hasira. Nenda na ushahidi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Weka risiti, makubaliano yaliyoandikwa, na jumbe za M-Pesa.

Deni kama hilo lina mlango wake: Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu kesi ifunguliwe. Kesi za ardhi haziendi huko.

Ukihitaji wakili na huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Waombe wao. Pia sheria inaruhusu maskini kuiomba mahakama afungue kesi bila kulipa ada kwanza. Ukiajiri wakili, mwelewane malipo kwa maandishi. Akikuambia, "Utanilipa tukishinda tu," jua kwamba mkataba wa aina hiyo hauna nguvu kisheria hapa Kenya.

Sasa muda. Chelewa chelewa utampata mwana si wako. Kudai fidia ya ajali ama jeraha, una miaka 3. Kudai deni ama mkataba uliovunjwa, miaka 6. Kudai ardhi, miaka 12. Ukiishtaki serikali, muda ni mfupi zaidi: miezi 12 kwa jeraha ama hasara, na miaka 3 kwa mkataba. Nawaambia haya nikiwa mimi mwenyewe nimeajiriwa na serikali, kwa sababu ni haki yenu kuyajua.

Mwisho, nisiwadanganye. Kushinda ni jambo moja, kulipwa ni jingine. Mali ya serikali haipigwi mnada kama ya mdeni wa kawaida, na mshindi huenda akalazimika kurudi mahakamani kudai alipwe. Hata hivyo, bila hukumu mkononi huna hata cha kudai.

Kwa hivyo ukirudi nyumbani, fanya mambo matatu: andika tarehe jambo lilipotokea, kusanya karatasi zako, na uliza mapema. Na kama jambo limewapata wengi mtaani, msiende mmoja mmoja.

Sasa naomba maswali, na tuanze na kina mama walioketi nyuma.