Gloriosa: Dawa na Sumu Katika Kiazi Kimoja

Gloriosa, ua la taifa la Zimbabwe, lina petali nyekundu zenye kingo za manjano zilizojikunja kwenda juu kama ndimi za moto. Waganga wa Afrika na India hawakulifuata kwa rangi. Walichimba kiazi chake kutibu maumivu ya viungo na kuumwa na nyoka. Kwa maumivu ya viungo hawakubahatisha tu. Kiazi na mbegu zina kolkisini, dawa ileile wanayopewa hospitalini wagonjwa wa jongo, na wakulima wa Tamil Nadu huuza mbegu hizo kwa watengenezaji wa dawa.

Hapo ndipo dai la kwamba mitishamba haina madhara linapoanguka. Kidonge cha kolkisini kina takriban nusu miligramu, na daktari huangalia kwanza figo za mgonjwa. Kiazi hakina kipimo. Sri Lanka watu wamekufa kwa kukila wakidhani ni kiazi kitamu. Sumu hukaa kimya saa kadhaa, kisha mtu hutapika na kuharisha, halafu uboho huacha kutengeneza damu. Anayepona huweza kunyonyoka nywele. Atasema mtu kwamba wazee walikitumia wakaishi. Kweli, ila mara nyingi kilipakwa kwenye ngozi, na waliokufa nani aliwaandika? Kung'oa ua hilo katika kila bustani nako ni kuzidisha. Muuza mitishamba ndiye akatazwe kukiuza kama dawa ya kunywa, na aliyekimeza akimbizwe hospitali hata kama bado anajisikia mzima.