Sauti Iliyotoka Kiwandani: Mhadhara juu ya Albamu ya Kwanza ya Black Sabbath



Maudhui niliyoyachagua ni albamu moja ya muziki wa hevi metali, nayo ni ile ya kwanza ya kundi la Black Sabbath la Birmingham, Uingereza, iliyotoka Ijumaa ya tarehe 13 Februari mwaka 1970. Muziki huu aghalabu husemwa kuwa ni makelele yasiyo na fikira, na wako wacha Mungu, ambao siwezi kuwadharau, wanaouhesabu kuwa ni ibada ya shetani. Mimi nadai, na nitajitahidi kubainisha, kwamba sauti ya albamu hii ilizaliwa na kazi za mikono, jeraha, na hofu ya watu wa kawaida, na kwamba wajuzi walioitolea hukumu mwanzoni waliinyima insafu kwa sababu waliitafutia sifa ambazo haikukusudia kuwa nazo.

Vijana wanne wa kundi hilo, Tony Iommi mpiga gitaa, Geezer Butler wa besi, Bill Ward mpiga ngoma na Ozzy Osbourne mwimbaji, walizaliwa mwaka 1948 na 1949, wakakulia katika mtaa wa Aston na viunga vyake, katika mji ambao mabomu ya Ujerumani yalikuwa yameupiga vibaya wakati wa Vita Kuu ya Pili, na ambao riziki ya watu wake ilitoka katika viwanda vya chuma na magari. Osbourne alipata kufanya kazi machinjioni, na kabla ya hapo katika kiwanda cha honi za magari. Lakini habari iliyo muhimu kupita zote kwa hoja yangu ni ya mkono wa Iommi.

Alikuwa na umri wa miaka 17, mfanyakazi wa kiwanda cha mabati, na siku aliyoumia ilikuwa ndiyo ya mwisho kwake kazini, maana alikwisha azimia kuondoka ili aufuate muziki. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya katikati vya mkono wa kulia. Na kwa kuwa yeye hupiga gitaa kwa shoto, mkono huo ndio unaokandamiza nyuzi. Msimamizi wake wa kazi alimletea santuri ya Django Reinhardt, bingwa wa gitaa ambaye moto wa mwaka 1928 ulimwachia vidole viwili tu vya kutegemea katika mkono wa kushoto, naye akawa mashuhuri Ulaya nzima. Kijana yule aliposikia hayo alirudi kwenye ala yake. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajifinyangia vikofia vya vidole, akavivika ngozi ili visiteleze, na kwa kuwa nyuzi za kawaida zilimuumiza, akatafuta zilizo nyembamba, hata za banjo akazitumia. Mpigaji asiyehisi uzi chini ya kidole hulazimika kubuni njia yake mwenyewe: Iommi aliegemea milio ya nyuzi mbili au tatu zilizoshikwa pamoja, minene, inayorudiwa kwa nguvu, na katika albamu ya tatu, ya mwaka 1971, alizilegeza nyuzi hata gitaa lake likanguruma chini ya kiasi kilichozoeleka. Watu wameusifu uzito huo kana kwamba ulipangwa kwa nadharia, hali asili yake ni mtu aliyejeruhiwa akitafuta jinsi ya kuendelea kupiga.

Jina la kundi lilitokana na filamu ya kutisha ya Mario Bava ya mwaka 1963, aliyoigiza Boris Karloff, na pamoja na jina hilo lilikuja wazo: kwamba ikiwa watu hutoa fedha zao ili waogopeshwe katika sinema, muziki nao waweza kuwaogopesha. Butler alikuwa msikilizaji wa Gustav Holst, hasa ile sehemu iitwayo Mars katika The Planets, na kutokana na kuichezacheza kwake, Iommi akapata mahadhi ya wimbo unaofungua albamu, ambao umejengwa juu ya sauti mbili zilizotengana kwa hatua tatu kamili, mwachano ambao sikio la Mzungu kwa karne nyingi limeuona kuwa ni wa wasiwasi usiotulia. Na maneno ya wimbo huo yasemaje? Ni ya mtu aliyesimamiwa na kiumbe cheusi, naye kwa fazaa anamwomba Mungu amnusuru. Butler, mtunzi wa sehemu kubwa ya maneno yao, alilelewa Ukatoliki. Na yeyote atakayesikiliza kwa utulivu atatambua kwamba shetani wa wimbo ule ni wa kukimbiwa, si wa kuabudiwa.

Waliingia studio ya Regent Sound mjini London mwishoni mwa mwaka 1969, chini ya mtayarishaji Rodger Bain na fundi mitambo Tom Allom, wakapewa siku moja kurekodi na siku nyingine ya kuchanganya sauti. Hawakuwa na nafasi ya kurudiarudia. Walipiga wote kwa pamoja kama walivyozoea mbele ya watu, Osbourne akiwa amesimama katika kibanda chake pembeni akiimba wakati uleule, na nyimbo nyingi hazikupigwa mara ya pili. Gitaa la Iommi aina ya Fender liliharibika kazi ikiwa imekwisha anza, akashika la akiba, Gibson, na aina hiyo ikawa alama yake maisha yake yote ya muziki. Mvua, radi na kengele zinazosikika mwanzoni ziliongezwa baadaye. Wengi husimulia habari ya siku moja kama muujiza. Nami nasema kwamba siku hiyo ilitanguliwa na miezi ya kupiga usiku hata usiku katika kumbi za Uingereza na za bara la Ulaya, mara nyingi kwa muda mrefu kuliko nyimbo walizokuwa nazo, hata ikawabidi wazirefushe papo hapo. Kilichonaswa studio ni mazoea ya miili minne kujuana, na msikilizaji akimfuata Bill Ward, aliyejifunza kwa mapenzi ya muziki wa jazi, atasikia ngoma zisizohesabu mapigo tu bali zinazomjibu mpiga gitaa neno kwa neno.

Juu ya jalada nitasema machache. Picha ya mwanamke mwenye mavazi meusi mbele ya kinu cha maji cha Mapledurham, aliyoipiga Keith Macmillan, ni nzuri ajabu. Lakini ndani ya jalada ulichorwa msalaba uliogeuzwa kichwa chini, bila wanamuziki kushauriwa, na tuhuma za ushetani zikapata hati. Misalaba waliyokuwa wakiivaa wenyewe ilikuwa wima, nayo ilitengenezwa na babaye Osbourne, fundi wa zana kiwandani.

Wajuzi waliipokea kwa dharau. Lester Bangs, katika jarida la Rolling Stone, aliiona kuwa ni uigaji dhaifu wa kundi la Cream. Robert Christgau wa New York naye aliitupa. Hata hivyo ilipanda hadi nafasi ya 8 Uingereza na ya 23 Marekani, ambako ilikaa katika orodha ya mauzo zaidi ya mwaka. Sisemi kwamba wingi wa wanunuzi ni hoja ya ubora, wala sisemi kwamba albamu haina kasoro: wimbo uitwao Warning, ambao asili yake si wao, unapita dakika kumi, na gitaa linazungukazunguka humo bila haja. Kosa la wajuzi lilikuwa kutafuta wepesi wa vidole kwa mtu aliyenyimwa ncha za vidole, na kutousikia uzito ambao ndio uliokuwa habari mpya. Bangs mwenyewe, na nampa heshima yake kwa hilo, aliandika upya juu yao mwaka 1972 katika jarida la Creem, kwa marefu na kwa kuwaelewa.

Tangu hapo nasaba ya sauti hiyo imefika mbali, hata kwa Duma, vijana wawili wa Nairobi waliotoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, yenye kasi na ukali ambao Birmingham ya mwaka 1970 isingeukisia. Lakini mizizi yake ina watu wasiotajwa vya kutosha. Bain alitayarisha albamu tatu za kwanza za Black Sabbath, kisha ile ya kwanza ya Judas Priest, kundi la eneo hilohilo. Allom, aliyekaa mbele ya mitambo siku ile, ndiye aliyekuja kutayarisha British Steel ya Judas Priest mwaka 1980. Wawili hao walikabidhiwa vijana wasiojua studio, wakaelewa kwamba kazi yao ilikuwa kuweka vinasa sauti mahali pake na kuwaacha wapige.