Mazungumzo: Ripoti ya Ushauri wa Nishati katika Majengo ya Umma



Maji ya miteremko ya Kilimanjaro hushuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, kisha hufuata Mto Pangani na kuizungusha mitambo ya Hale na Pangani. Umeme huo huingia katika gridi ya Taifa, ile ile iilishayo Unguja kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1980. Waliokaa kizani toka Desemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuelezwa thamani yake.

Ripoti ya ushauri huanza na ankara za umeme za miezi 12. Jumla ya yuniti hugawanywa kwa mita za mraba za jengo. Lakini tahadhari: ofisi ya Moshi, mji ulioinuka mita zipatazo 800 juu ya bahari, haina haja ya kiyoyozi mwezi Julai, bweni la huko umeme wake huliwa na hita ya maji ya kuogea. Kuilinganisha ofisi hiyo na ya Vuga ni dhuluma.

Kisha huhesabiwa taa na saa zake. Taa ya kizamani ya wati 60 ikiwaka saa 10 hula yuniti 0.6, ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana nayo, hula 0.09.

Ripoti isifungiwe sandukuni mwa mkurugenzi. Isomwe kwa Kiswahili mbele ya mfagizi na mlinzi, kwani hao ndio wajuao kiyoyozi cha chumba gani huachwa kikinguruma usiku kucha.