Gitaa Nzito Zinatafuta Ukumbi

Msikilizaji, leo tuugeukie muziki unaosikika kwa nadra redioni: panki na roki nzito ya vijana wa Nairobi. Kundi la Duma lilitoa albamu yake mwaka 2020 kupitia lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes. Kundi jingine, Crystal Axis, lina wimbo uitwao Nyayo House.

Hapa ndipo penye uzito. Wengi wetu tumepanga foleni ya pasipoti katika jengo la Nairobi lenye jina hilo, juu ya vyumba ambamo watu waliteswa miaka ya 1980. Kijana aliyezaliwa baadaye anakumbushwa na gitaa, na mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa.

Ila muziki huu una kelele, basi tusikilize pia upande wa majirani. Mwaka 2022 Kaunti ya Nairobi ilipiga marufuku vilabu vya usiku katika mitaa ya makazi. Wakazi walikuwa na haki: mgonjwa na mtoto mchanga wanahitaji usingizi. Lakini kilabu kikubwa kina uwezo wa kuhama. Bendi inayojichangia spika yenyewe haina pa kuhamia.

Je, kuanzia katikati ya jiji hadi Westlands na Kawangware, nani atawajengea vijana hawa ukumbi mmoja wenye kuta nene?