Hotuba juu ya Neno la Kiingereza "Welsh", Maana Yake na Asili Yake



Tumeombwa jioni hii tuseme machache juu ya neno moja la Kiingereza. Hatukulichagua kwa kutaka kuonyesha elimu. Lilitoka katika kalamu yetu wenyewe, likatutia haya.

Mwajua ya kuwa sanduku la Chama hukopesha wanachama. Ndugu mmoja alikopa, na miezi mitatu ikapita pasipo kulipa. Halmashauri ikatuagiza kumwandikia. Tukaandika kwa Kiingereza, na mahali pa kusema kwamba hakulipa tukatia neno "welsh", tulilolisikia ofisini tukalipenda kwa ufupi wake. Mzee mmoja wa Halmashauri akaisoma barua, akauliza, "Mwanangu, hawa Welsh si watu wenye nchi yao? Wamekopa nini kwetu?" Hatukuwa na jawabu. Barua ikawekwa kando, nasi tukaenda kutafuta.

Maana ya neno ni hii: kuwa na deni au ahadi, kisha kuikimbia. Lilianza kuandikwa katikati ya karne ya 19, katika viwanja vya mashindano ya farasi huko Uingereza. Palikuwa na watu waliopokea fedha za wachezaji kamari, wakiahidi kumlipa kila ambaye farasi wake atashinda. Mwenye hila alipoona ya kuwa malipo yatazidi fedha alizo nazo, alitoroka kabla mbio hazijaisha. Na aliyedhulumiwa hakuwa na pa kushitaki, maana sheria ya mwaka 1845 ilikataza madeni ya kamari kudaiwa mahakamani. Palipobaki ni uaminifu wa mtu tu, na asiyekuwa nao akaitwa "welsher".

Kwa nini jina hilo? Wenye kamusi hawakukubaliana. Wengi wadhani latokana na jina la watu wa Wales, majirani wa Waingereza upande wa magharibi, ambao Waingereza wa zamani walizoea kuwasimanga katika nyimbo za watoto ya kuwa ni wezi. Kamusi za siku hizi zaonya ya kuwa neno hili huwachukiza watu wa Wales, na ni heri liachwe.

Tulipochimba zaidi tuliona jambo lililotushangaza. Hata jina lenyewe la Welsh si jina walilojipa wenyewe. Latokana na neno la Kiingereza cha kale, "wealh", maana yake mgeni. Na baadaye neno hilo lilitumika hata kwa maana ya mtumwa. Wageni waliokuja kutoka ng'ambo ya bahari waliwaita wenyeji wageni! Wenyewe hujiita Cymry, yaani watu wa nchi moja, na nchi yao huiita Cymru. Basi mtu aliyejiita ndugu aliitwa mgeni, kisha jina la mgeni likafanywa jina la mkimbia deni.

Wala shutuma hazikuishia uwanjani. Mwaka 1847 ilitolewa taarifa ya serikali juu ya elimu katika nchi ya Wales. Wakaguzi walikuwa Waingereza watatu wasiojua lugha ya wenyeji, na ingawa wengi wa watu wale walisema lugha yao tu, taarifa iliwataja kuwa wajinga na wenye tabia mbaya. Watu wa Wales hawajaisahau. Hatusemi ya kuwa taarifa ile ndiyo iliyozaa neno letu. Twasema ya kuwa jina baya likiisha kuzoewa hupata njia hata katika karatasi zenye mhuri.

Ndugu zetu, tusiwacheke Waingereza peke yao. Sisi tusemao Kiswahili tunalo neno "mshenzi". Watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara, na mtu wa bara aliyevaa kanzu naye akamwita hivyo nduguye aliyeachwa kijijini. Ofisini mwetu mna makarani wa makabila mengi. Mmoja akichelewesha kazi, mara ngapi twasikia, "Ndivyo walivyo watu wa kwao"? Kosa la mtu mmoja limekwisha kuwa la kabila zima, na wasiokuwako hawawezi kujitetea.

Wazee walisema, Muungwana ni kitendo. Hawakusema muungwana ni kabila. Ikiwa uungwana hupimwa kwa kitendo, na kosa pia lipimwe kwa kitendo, la mtu mmoja, kwa siku yake.

Basi tuliichana barua ile tukaandika nyingine. Tulitaja kiasi cha deni, tarehe ya kukopa, na tarehe iliyopita ya kulipa. Kisha tukauliza kama kuna shida iliyomzuia. Hatukutia neno lolote la tabia. Ndugu yule alijibu kwa upesi. Alikuwa amehamishwa kituo, na mshahara wake ulikuwa haujamfuata. Ulipofika alilipa deni lote, akaleta na shukrani.

Tumefikiri sana juu ya jambo hilo. Lau barua ya kwanza ingalimfikia, huenda fedha angalizilipa vilevile, lakini sisi tungalibaki na deni kwake na kwa watu wa Wales pia, na deni la neno halina stakabadhi. Ahadi ni deni, kweli. Na kalamu ya karani nayo ina ahadi yake, yaani kuandika lililotendeka, na lisilotendeka isiliandike.